Kukaza Bolti ni Kupima

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, pikipiki iliyoundwa China imekuwa chombo cha kila siku. Humpeleka mgonjwa zahanati, humfikisha mwalimu kazini, na huwapa riziki vijana wengi waliomaliza shule. Bei yake ni nafuu, hainywi mafuta mengi, na fundi wa kuitengeneza hapatikani mbali. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba pikipiki, kama mashine yoyote, si kipande kimoja cha chuma. Ni mkusanyiko wa vipande vingi vilivyoshikanishwa kwa bolti na nati, na usalama wa dereva na abiria wake umo katika bolti hizo. Nati ya ekseli ikilegea, gurudumu huyumba. Bolti za kushikia breki zikikatika, chombo hakisimami.

Kwa kila bolti iliyo muhimu, waliobuni mashine wameweka kiasi maalumu cha kuikaza. Kiasi hicho huandikwa katika kitabu cha matengenezo, ndani ya jedwali la ukurasa mmoja au miwili. Hapa kwetu kitabu hicho aghalabu hakimfikii fundi, na kikimfikia huwa kimeandikwa kwa Kichina, au kwa Kiingereza kilichotafsiriwa ovyo kutoka Kichina. Maoni ninayoyatetea katika makala hii ni haya: kitabu cha matengenezo ni sehemu ya mashine sawasawa na gurudumu, pikipiki iliyouzwa bila kitabu kinachosomeka imeuzwa pungufu, na mahali pafaapo kuanza kuziba pengo hilo ni darasa la fizikia la shule ya sekondari.

Bolti hushika kwa namna gani?

Wengi hudhani kwamba bolti hushika kwa sababu nyuzi zake zinaizuia isitoke. Hiyo ni nusu tu ya ukweli. Nati inapozungushwa na kugota, bolti huanza kuvutwa na kurefuka kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kwa kuwa chuma kina tabia ya mnyumbuko, bolti hutaka kurudi katika urefu wake wa awali, na kwa kutaka kurudi hubana vipande viwili pamoja. Kwa hiyo bolti iliyokazwa barabara ni springi ngumu iliyovutwa. Ikivutwa kidogo, haibani vya kutosha. Ikivutwa kupita kikomo cha mnyumbuko, hunyooka moja kwa moja, hupoteza nguvu zake, na mwishowe hukatika.

Tuchukue mfano wa bolti yenye kipenyo cha milimita 8, ambayo kichwani imepigwa alama 8.8. Alama hiyo si pambo. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutupa mkazo ambao chuma hicho huweza kuhimili kabla ya kukatika, yaani megapaskali 800. Tarakimu ya pili husema kwamba chuma huanza kunyooka moja kwa moja kifikapo asilimia 80 ya mkazo huo, yaani megapaskali 640. Eneo la chuma linalobeba mzigo katika bolti hiyo, tukiondoa michirizo ya nyuzi, ni kama milimita za mraba 36.6. Kwa kuacha nafasi ya usalama, wahandisi hupendekeza ibane kwa kani ya kilonewtoni 16 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, uliobebwa na kipande cha chuma chembamba kuliko kidole cha mtoto!

Fundi hawezi kuipima kani hiyo moja kwa moja. Anachoweza kupima ni momenti anayoitia kwenye spana, yaani kani ya mkono wake ikizidishwa kwa urefu wa spana. Kanuni itumikayo ni nyepesi: momenti ya kukaza ni sawa na kani ya kubana mara kipenyo cha bolti mara kigawo cha msuguano wa bolti, ambacho kwa bolti kavu huwa karibu na 0.2. Mwanafunzi akizidisha newtoni 16,000 kwa meta 0.008 na kwa 0.2 atapata newtoni-meta 25.6. Jedwali nyingi za bolti za aina hiyo hutaja kiasi cha newtoni-meta 25. Kwa njia hiyo hiyo ataona kwamba bolti ya milimita 6 ya daraja hilo huhitaji kama newtoni-meta 10, na ile ya milimita 10 huhitaji kama 50. Momenti hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Ndiyo sababu tofauti ya milimita mbili, ambayo kwa jicho ni ndogo, kwa spana ni kubwa sana.

Kadhalika, ieleweke kwamba sehemu kubwa ya momenti hiyo haiendi katika kubana. Takriban nusu yake humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti au nati, na sehemu nne katika kumi humezwa na msuguano wa nyuzi. Inayobaki kwa kazi yenyewe ya kuivuta bolti ni sehemu moja katika kumi. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mkono hauwezi kulihisi. Fundi akipaka bolti mafuta au grisi, kile kigawo cha 0.2 huweza kushuka hadi 0.15. Akiikaza kwa newtoni-meta 25 zile zile, kani ya kubana hupanda kwa theluthi nzima, kutoka kilonewtoni 16 hadi karibu 21, na bolti hufika ukingoni mwa uwezo wake. Mkono umehisi vilevile, lakini chuma kimetendwa tofauti. Kwa sababu hiyo jedwali nzuri hueleza kama bolti ikazwe ikiwa kavu au ikiwa imepakwa mafuta.

Mkono wa fundi na mipaka yake

Naelewa kwamba wapo watakaosema: mafundi wetu wamekuwa wakitengeneza pikipiki kwa miaka mingi bila jedwali, na pikipiki zinatembea. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mkono wa fundi mzoefu ni chombo cha kipimo kwa namna yake. Umejifunza kwa maelfu ya bolti, na kwa kifuniko cha upande au mlingoti wa kioo hukaribia kiasi kinachofaa. Bolti za namna hiyo husamehe makosa.

Lakini ziko zisizosamehe. Katika skuta moja, plagi yenye nyuzi za milimita 10 huhitaji newtoni-meta 10 hadi 12 tu, ilhali nati ya gurudumu la nyuma huhitaji zaidi ya 100. Ni vigumu kwa mkono mmoja kubeba kumbukumbu ya vipimo vinavyozidiana mara kumi, hasa jioni baada ya kazi ya kutwa. Tena plagi huingia katika kichwa cha silinda kilichoundwa kwa alumini, metali laini kuliko chuma. Ikikazwa kupita kiasi, si plagi inayoharibika, bali ni nyuzi za kichwa cha silinda. Kitu cha bei ndogo huwa kimeharibu kitu cha bei kubwa.

Kuna pia mazoea ya kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu. Watengenezaji wa spana hawakuamua urefu wake kwa kubahatisha. Spana ya bolti ndogo hufanywa fupi ili mkono wa kawaida usiweze kuikata bolti kwa urahisi. Anayechomeka bomba la kuurefusha mpini mara mbili amejizidishia momenti mara mbili kwa kani ile ile, na ile kinga aliyowekewa na mwenye kiwanda ameiondoa mwenyewe.

Kwa upande mwingine, bolti iliyolegea nayo ina hatari yake, na hatari hiyo haionekani upesi. Bolti iliyobana vizuri huhisi sehemu ndogo tu ya mitikisiko ya injini na ya barabara, kwa kuwa vipande vilivyobanwa ndivyo vinavyoipokea mitikisiko hiyo. Ikilegea, mzigo unaopanda na kushuka huiangukia yenyewe. Chuma kikivutwa na kuachiwa mara laki kadhaa huchoka, hupata ufa mdogo, na siku moja hukatika ghafla kwa mzigo ambao jana kiliubeba bila shida. Siku hiyo watu watasema ni bahati mbaya. Kwa hakika bolti ilianza kukatika siku ile ilipofungwa.

Namba kumi ipi?

Baadhi ya wasomaji watauliza: basi kwa nini tusichapishe jedwali na kuwagawia mafundi? Tuchapishe, lakini tutahadhari, maana jedwali lisilofafanuliwa laweza kuleta madhara.

Katika karakana zetu bolti huitwa kwa namba ya spana inayoifungua. Fundi akisema “bolti namba kumi,” anakusudia ile ambayo kichwa chake hushikwa na spana ya milimita 10. Katika pikipiki nyingi zinazofuata mtindo wa Japani, bolti hiyo ina kipenyo cha milimita 6 tu. Ile ya spana namba 12 ina kipenyo cha milimita 8, na ile ya spana namba 14 ina kipenyo cha milimita 10. Jedwali la kiwandani, kinyume chake, huitaja bolti kwa kipenyo chake: M6, M8, M10. Sasa mpe fundi jedwali linalosema “M10: newtoni-meta 50.” Ataitafuta bolti namba 10 kwa maana aijuayo yeye, na kuitia newtoni-meta 50 bolti inayostahili 10. Itakatika mkononi mwake, na kipande kitabaki ndani ya injini. Fundi huyo hatakuwa mjinga wala mzembe. Atakuwa ametii andiko ambalo mwandishi wake hakujua lugha ya karakana.

Mtego wa pili umo katika vizio. Baadhi ya vitabu hutumia newtoni-meta, vingine kilogramu-meta, vingine kilogramu-sentimeta, na vile vilivyolenga soko la Marekani hutumia futi-ratili. Kilogramu-sentimeta 100 ni newtoni-meta 9.8 tu. Anayeiona tarakimu 100 bila kusoma kizio chake anaweza kukosea mara kumi. Mwalimu anayemnyima mwanafunzi alama kwa kuacha kuandika kizio amwonyeshe mfano huu, ili ajue kwamba hakuonewa.

Mtego wa tatu ni daraja la bolti. Bolti yenye alama 4.8 hustahili takriban nusu ya momenti ya ile ya 8.8 yenye kipenyo hicho hicho. Bolti iliyopotea ikibadilishwa kwa nyingine iliyookotwa kwenye kopo la vyuma chakavu, jedwali la kiwanda haliihusu tena.

Injini inalo jina

Kabla ya kulitumia jedwali lolote hapana budi tujue injini ni ipi. Majina ya biashara yaliyobandikwa kwenye tangi ni mengi na hubadilika kila mara, lakini injini zenyewe ni za koo chache. Ukoo mmoja ulio maarufu katika pikipiki za kubebea abiria umetokana na Honda CG125, ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1976 wakiwa wamezifikiria nchi ambamo matengenezo ya mara kwa mara ni ya taabu. Viwanda vya China, vikiwemo vya mji wa Chongqing, vimeunda injini za mtindo huo kwa wingi sana. Ukoo mwingine, ambao ndio wa skuta, huitwa GY6. Chimbuko lake ni Taiwan, nao pia una asili ya Honda.

Kila injini ya koo hizi huwa na maandishi yaliyopigwa kwenye mwili wake, mathalani 156FMI au 157QMJ. Tarakimu ya 1 ni idadi ya silinda. Tarakimu mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita, bila desimali au kwa kukadiria. Herufi F huonyesha kwamba injini hupozwa na upepo wa mwendo, na Q kwamba hupozwa na feni. M ni alama ya pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ujazo: B ni sentimeta za ujazo 50, I ni 125, J ni 150. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha mwenyewe. Silinda ya 156FMI ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni yake husafiri milimita 49.5. Akikokotoa ujazo wa mcheduara huo atapata sentimeta za ujazo 124. Ile ya 157QMJ, yenye kipenyo cha milimita 57.4 na mwendo wa milimita 57.8, itampa karibu 150.

Anayeyasoma maandishi hayo hahitaji tena kuuliza jina la tangi. Anajua atafute kitabu cha injini ipi, na atakubali jedwali lipi na kukataa lipi. Kitabu cha kiwanda kilichounda chombo chenyewe kikipatikana, hicho ndicho kitangulie vingine vyote.

Lawama na wajibu

Ni desturi sasa kusikia bolti ikikatika watu wakisema, “Mali ya Kichina hiyo.” Nadhani kauli hii hutupunguzia wajibu wetu kwa urahisi mno. Pikipiki nyingi husafirishwa zikiwa zimefunguliwa na kupangwa ndani ya masanduku, kisha huunganishwa katika miji yetu wenyewe. Gurudumu la mbele, usukani na vinginevyo hufungwa hapa, na mikono ya hapa. Kwa bolti hizo, swali la iwapo zimekazwa sawasawa haliwezi kuulizwa Chongqing. Lazima tujiulize sisi. Tena chombo kipya huhitaji kukaguliwa na kukazwa upya baada ya kilomita za mwanzo, kwa kuwa vipande huwa vimekaa mahali pake na bolti zimepoteza sehemu ya kani yake. Maelezo hayo yamo katika kitabu kile kile kisichosomwa.

Sikatai kwamba bolti hafifu zimo sokoni. Nasema tu kwamba asiyepima hawezi kuwa na ushahidi wa kumshitaki muuzaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jedwali la matengenezo ndilo daftari la mashine.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mamlaka za viwango za nchi zetu ziwatake waagizaji wa pikipiki waambatishe katika kila chombo jedwali la Kiswahili, ukurasa mmoja tu, lenye jina la injini, mahali pa bolti, kipenyo chake, namba ya spana yake na momenti yake. Asiseme mtu kwamba Kiswahili hakina maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967 na limesanifu istilahi kwa miongo mingi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Karakana nazo zina msamiati wake ulio hai. Kinachokosekana ni kuwakutanisha mhandisi, mtaalamu wa lugha na fundi kwenye meza moja.

Lifanyike nini shuleni?

Wakati tukingoja mamlaka, mwalimu wa fizikia anaweza kuanza kesho. Sura ya momenti ya kani hufundishwa kwa kutumia rula, mawe na bembea. Mifano hiyo si mibaya, lakini mwanafunzi huondoka akidhani momenti ni jambo la mtihani. Na achukue bolti kuukuu ya milimita 6, nati yake, na kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa. Aishike nati kwa spana, mpini ukiwa mlalo, kisha atundike dumu la maji la lita 5 kwenye mpini, sentimeta 20 kutoka katikati ya nati. Kilogramu 5 mara 9.8 mara meta 0.2 ni newtoni-meta 9.8. Hicho ndicho kiasi kinachoistahili bolti hiyo ikiwa ya daraja la 8.8. Sasa kila mwanafunzi avute kwa mkono wake bila dumu, huku mizani ya springi ikiwa imefungwa mahali lilipotundikwa dumu, na aangalie mwenyewe alizidisha au alipunguza kiasi gani. Zoezi hili halibadilishi darasa kuwa karakana, na vifaa vyake havitumiwi kutengenezea chombo cha abiria. Kazi yake ni kumfunza mwanafunzi kwamba mkono wake nao una makosa yanayopimika.

Hatua ya pili ni kumwalika fundi wa jirani darasani. Aje na spana zake na aeleze majina ya bolti kama ayajuavyo. Wanafunzi waandike majina hayo katika safu moja, na vipenyo katika safu ya pili, kisha wakokotoe momenti katika safu ya tatu. Jedwali hilo la mkono likisahihishwa na mwalimu kwa kulinganishwa na kitabu cha kiwanda, fundi aondoke na nakala yake. Shule itakuwa imempa kitu, naye ameipa shule kitu. Na mafundi watano au sita wa soko moja wakichanga, wanaweza kununua spana moja yenye kipimo na kuitumia kwa zamu kwa zile bolti chache zisizosamehe: za kichwa cha silinda, za ekseli na za breki.

Wengi wa wanafunzi wetu hawatakuwa wahandisi. Karibu wote watapanda pikipiki. Baadhi yao wataziendesha kwa riziki, na wengine watazitengeneza. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne akijua kukokotoa momenti kwenye karatasi, lakini asijue kwamba maisha ya mama yake aliye nyuma ya dereva yanategemea momenti hiyo hiyo, hatujamfundisha fizikia. Tumemfundisha kufaulu. Mafundi wanaokaza nati za magurudumu leo jioni wako hatua chache tu kutoka lango la shule, na kipimo wanachokihitaji tayari kimo ndani ya vitabu vya kidato.